Uchunguzi wa Koo na Zoloto: Mambo ya Kutarajia Kabla ya Kipimo, Wakati Wake na Baada Yake

Miongoni mwa maswali ambayo wasomaji huyarudia mara kwa mara ni yale yanayohusu kipimo ambacho wengi hukiita "kipimo cha kamera ya koo", yaani uchunguzi unaofanywa na daktari bingwa wa masikio, pua na koo ili aitazame kwa macho yake sehemu ya ndani ya koo pamoja na zoloto, kiungo kilichoko mbele ya shingo ambamo sauti hutengenezwa. Mmoja huuliza iwapo kipimo hicho kinauma, mwingine iwapo atalazwa, mwingine iwapo mrija utamziba pumzi, na wapo wanaouliza kwa nini wapelekwe kwenye kamera ilhali wamekwisha kutazamwa kwa tochi na kupewa dawa. Makala haya yanayajibu maswali hayo kwa mpangilio ambao mambo yenyewe hutokea, na yanasisitiza jambo moja kuliko yote: sauti iliyoharibika kwa muda mrefu haitibiwi kwa kukisia, kwa kuwa mkwaruzo uleule unaweza kutokana na uchovu wa kuhubiri, kifua kikuu au saratani, na hakuna sikio liwezalo kuvitofautisha mpaka zoloto lionekane.

Kwa nini tochi haitoshi

Mgonjwa anapofumbua kinywa na kutazamwa kwa tochi na kijiti cha kukandamizia ulimi, kinachoonekana ni kaakaa, tonsili, kimio (kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa) na ukuta wa nyuma wa koo. Zoloto halionekani, kwa sababu limejificha chini ya shina la ulimi, mahali ambapo njia ya hewa hupinda kuelekea chini. Ndani yake mna nyuzi mbili za sauti ambazo mtu anapovuta pumzi hufunguka kwa umbo la herufi V, na anapozungumza hukutana na kutikisika kwa kasi kubwa, yaani kwa wastani mara 100 hadi 130 kwa sekunde kwa wanaume na mara 180 hadi 220 kwa wanawake. Uvimbe mdogo kuliko punje ya mchele ukiota ukingoni mwa uzi mmoja, nyuzi hizo hazikutani sawasawa na sauti hukwaruza. Mgonjwa aliyeambiwa "koo lako ni zima" baada ya kutazamwa kwa tochi hajadanganywa, ila zoloto lake bado halijatazamwa.

Nani apimwe, na kwa haraka gani

Mafua huikausha sauti kwa siku chache kisha ikarejea yenyewe, na hali hiyo haihitaji kamera. Wanaopaswa kuomba rufaa ya kumwona daktari bingwa ni hawa wafuatao:

- Mtu ambaye sauti yake imekwaruza au kukauka kwa zaidi ya wiki tatu, hasa akiwa amevuka umri wa miaka 40, au akiwa mvutaji wa sigara au shisha, au mnywaji wa pombe kali.
- Mtu anayepata maumivu au ugumu wa kumeza usiopungua, au maumivu ya koo yanayochomoza hadi sikioni ilhali sikio lenyewe ni zima.
- Mtu aliyeota uvimbe shingoni usiopotea.
- Mtu anayekohoa damu, au ambaye kikohozi chake kimepita wiki mbili, ambaye anapaswa pia kupimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu.
- Mtu aliyepoteza sauti mara baada ya upasuaji wa tezi la shingo, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti hupita nyuma ya tezi hilo na unaweza kujeruhiwa.
- Mwalimu, mwadhini, mhubiri, mwimbaji au mchuuzi ambaye sauti humwishia kila jioni.

Wapo wasiopaswa kungoja rufaa wala tarehe ya kliniki, bali hupelekwa moja kwa moja kwenye idara ya dharura: mtu anayetoa mlio mkali kila anapovuta pumzi, anayeshindwa kumeza hata mate yake, au ambaye sauti imeziba ghafla baada ya kupaliwa na kitu.

Hapa pana onyo ambalo haliwezi kusemwa kwa upole. Katika sehemu nyingi za Tanzania na Kenya, mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu, na hasa mtoto, hupelekwa kwa fundi wa kienyeji "kukatwa kimeo", kwa imani kwamba kimio kimerefuka na ndicho kinachomkohoza. Kimio hakisababishi kifua kikuu, pumu, nimonia wala uvimbe wa zoloto, na kukikata hakuondoi hata kimoja kati ya hivyo. Kinachopatikana ni kidonda kooni, kutokwa na damu ambako kumewahi kuua, uambukizo unaoingizwa na chombo kisicho safi, na wiki au miezi inayopotea huku ugonjwa wenyewe ukikua.

Ucheleweshaji mwingine hutokea katika duka la dawa. Mgonjwa hununua antibiotiki, zikiisha hununua nyingine kali zaidi, akiamini kwamba koo lina "vijidudu sugu". Antibiotiki hazina kazi kwenye kinundu cha nyuzi za sauti, wala kwenye tindikali inayopanda kutoka tumboni, wala kwenye saratani, na dozi ya pili isiyoleta nafuu ni sababu tosha ya kuacha kununua dawa na kwenda kutazamwa.

Njia zinazotumika

Uchunguzi huu hauna sura moja, na mgonjwa ana haki ya kuuliza ni upi aliopangiwa.

*Kioo kidogo.* Hii ndiyo njia kongwe kuliko zote. Manuel García, mwalimu wa uimbaji mwenye asili ya Hispania aliyekuwa akifundisha London, alifanikiwa mwaka 1854 kuziona nyuzi zake mwenyewe za sauti kwa kutumia kioo kidogo cha mdomoni, kioo cha mkononi na mwanga wa jua, na mwaka uliofuata akaieleza kazi yake mbele ya Royal Society. Njia hiyo ingali hai katika hospitali zisizo na kamera. Daktari hukipasha moto kioo kidogo chenye mpini mrefu ili kisifanye ukungu, huushika ulimi wa mgonjwa kwa kitambaa, kisha hukiegemeza kioo kwenye kaakaa na kutazama taswira ya zoloto. Ni rahisi na ya haraka, ila baadhi ya watu hushindwa kuivumilia kwa sababu ya kutaka kutapika.

*Mrija laini wa kupitishwa puani.* Hiki ndicho kipimo ambacho wengi hukutana nacho siku hizi. Mrija huo unapindika, una taa na kamera kwenye ncha yake, na unene wake kwa mtu mzima ni milimita 3 hadi 4, karibu nusu ya unene wa kalamu ya wino. Hupitia puani kwa sababu njia hiyo huukwepa ulimi, ambao ndio unaochochea zaidi hali ya kutapika, na kwa sababu humwacha mgonjwa akiwa huru kuzungumza, kumeza na hata kuimba huku nyuzi zake zikitazamwa.

*Mrija mgumu wa kupitishwa mdomoni.* Huu hauendi mbali, bali huishia nyuma ya kinywa na kutazama chini kwa pembe. Picha yake ni angavu sana, na mara nyingi huambatana na taa inayomweka kwa kufuatana na mtikisiko wa nyuzi, kiasi kwamba mwendo wa kasi ambao jicho haliwezi kuufuata huonekana kana kwamba ni wa polepole. Kipimo hicho, kiitwacho stroboskopia, huwafaa hasa waimbaji na wengine wanaoishi kwa sauti zao.

*Uchunguzi chini ya nusukaputi.* Huu hufanyika chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa, na hupangwa pale ambapo kuna kitu cha kuondolewa, au inapobidi kuchukua kinyama cha kupeleka maabara, au mgonjwa asipoweza kuvumilia njia nyingine. Maandalizi yake ni tofauti kabisa na ya vipimo vitatu vilivyotangulia, na kuyachanganya ni mojawapo ya makosa yanayowarudisha wagonjwa nyumbani bila kupimwa.

Mrija wa puani unapatikana katika hospitali kubwa za rufaa, kama vile Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi, Bugando jijini Mwanza, Kenyatta jijini Nairobi na Mulago jijini Kampala, na vilevile katika hospitali kadhaa binafsi. Mwenye bima na aulize kabla ya siku yenyewe iwapo kipimo hicho kinahitaji kibali, kwa kuwa mara nyingine gharama ya kumwona daktari hulipwa na bima huku kamera ikihesabiwa kando.

Maandalizi

Kwa kipimo cha kliniki, kiwe cha kioo au cha mrija, kwa kawaida mgonjwa halazimiki kukaa na njaa, isipokuwa hospitali iliyompangia imemwelekeza vingine. Hata hivyo, ni vyema ale chakula chepesi na kumaliza saa mbili kabla, kwa sababu tumbo lililojaa hurahisisha kutapika. Mambo mengine ya kuzingatia ni haya:

- Aje na dawa zake zote, au angalau maboksi yake, na azitaje hasa dawa za kuzuia damu kuganda. Asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, maana kuziacha kunaweza kuwa na hatari kubwa kuliko kipimo.
- Aseme iwapo amewahi kudhurika na dawa ya ganzi, kwa mfano kwa daktari wa meno, kwa kuwa dawa inayotumika kooni, lidokaini, mara nyingi ni ileile.
- Aseme iwapo pua moja huziba daima, iwapo amewahi kuvunjika pua, au iwapo hutokwa na damu puani mara kwa mara, ili daktari achague tundu lililo wazi zaidi.
- Atoe meno ya bandia, na aonyeshe jino lolote linalolegea.
- Aje na picha za eksirei na majibu ya vipimo vya zamani.
- Atumie sauti yake kama kawaida siku iliyotangulia, na asinywe kitu cha kuilainisha ili "isikike vizuri", kwa sababu daktari anataka kuiona kama ilivyo.

Aliyepangiwa nusukaputi hufuata sharti lingine: chakula kigumu na maziwa husimamishwa angalau saa sita kabla, na maji matupu saa mbili kabla, isipokuwa daktari wa usingizi ameelekeza vinginevyo. Chai ya maziwa na uji huhesabiwa kuwa ni chakula, na wengi hulikosea hilo asubuhi ya upasuaji kwa kudhani kwamba kitu cha kunywa si mlo. Makatazo hayo hayana lengo la kumsumbua mgonjwa, kwani chakula kikipanda kutoka tumboni akiwa usingizini kinaweza kuingia mapafuni.

Waislamu huuliza juu ya mwezi wa Ramadhani. Dawa ya ganzi hunyunyiziwa puani na kooni, ni chungu, na sehemu yake humezwa bila kukusudia, hivyo aliyefunga na amuulize mwanachuoni anayemwamini kabla ya siku ya kipimo, au aombe tarehe nyingine iwapo daktari ameona kwamba hali yake inaruhusu kungoja. Palipo na shaka ya saratani au shida ya kupumua, kipimo hakiahirishwi.

Hatua kwa hatua chumbani

Maelezo yafuatayo yanahusu mrija wa puani. Mgonjwa atakuwa chumbani kwa dakika 20 au 30, ingawa mrija wenyewe hukaa ndani kwa dakika moja hadi tatu tu.

1. *Mahojiano.* Daktari huuliza sauti ilianza lini kubadilika, ilianza ghafla au polepole, na mgonjwa anafanya kazi gani. Hapa ndipo pa kusema ukweli wote kuhusu sigara, shisha, ugoro, tambuu, mirungi na pombe. Mgonjwa aliyefuatana na mzazi au mchumba na asiyeweza kuyasema mbele yao ana haki ya kuomba wasubiri nje.

2. *Shingo na kinywa.* Daktari huipapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba, kisha hutazama kinywa na tonsili.

3. *Dawa puani.* Hunyunyiziwa dawa ya kufungua pua pamoja na dawa ya ganzi, au huwekwa pamba iliyolowekwa humo. Uchungu wake hushuka hadi kooni, macho hutoa machozi kidogo, kisha baada ya dakika chache pua, midomo na koo hufa ganzi. Wakati huo mgonjwa huhisi kana kwamba koo limevimba na kwamba hawezi kumeza. Halijavimba, ila limepoteza hisia tu, na pumzi inapita kama kawaida. Wagonjwa wengi huingiwa na woga katika hatua hii hasa kwa kuwa hakuna aliyewaeleza mapema.

4. *Kukaa.* Mgonjwa huketi wima, mgongo ukiegemea kiti, kichwa kikisogezwa mbele kidogo mithili ya anayenusa ua.

5. *Mrija kuingia.* Mrija uliopakwa jeli hupitishwa polepole kwenye sakafu ya pua. Kinachohisiwa ni mgandamizo na mtekenyo, na mahali penye ubano zaidi ni nyuma ya pua, ambapo mrija unakunja kona kushuka kooni. Mgonjwa atapumua kwa pua wakati huo, maana kupumua kwa pua hulishusha kaakaa na kuufungulia mrija njia.

6. *Maelekezo.* Mrija ukishatulia juu ya zoloto, daktari huomba mambo kadhaa ambayo kila moja lina sababu yake: kutamka "iii" kwa muda mrefu ili nyuzi zifunge, kuvuta pumzi ndefu ili zifunguke, kunusa kwa nguvu ili ionekane kama nyuzi zote mbili zinakwenda sawa, kutoa ulimi nje ili shina lake lionekane, kuvimbisha mashavu ili mifuko iliyo kando ya zoloto ifunguke, na kuhesabu moja hadi kumi. Mwimbaji huombwa kupanda na kushuka sauti.

7. *Mrija kutoka.* Huchukua sekunde chache, na mara nyingi mgonjwa hupiga chafya.

Kwa anayepimwa kwa mrija mgumu, tofauti kubwa ni kwamba ulimi hushikwa na kuvutwa mbele kwa kitambaa, na yeye huhema kwa mdomo huku akitamka "iii", ingawa sauti itakayotoka itakuwa ya ajabu kwa sababu ulimi umeshikwa.

Makosa yanayoharibu kipimo

- *Kuzuia pumzi.* Hili ndilo kosa kuu, kwani anayezuia pumzi hukaza koo, koo likikazwa mrija hugusa kila upande, na mguso huo ndio unaoleta kutapika. Pumzi fupifupi na za taratibu huondoa sehemu kubwa ya taabu.
- *Kumeza mfululizo.* Kila anapomeza, koo hufunga na picha hupotea. Mate yaachwe yatiririke, na muuguzi atatoa karatasi ya kuyafuta.
- *Kufumba macho.* Anayefumba macho humakinika na koo lake peke yake. Ni bora akazie macho kitu kimoja ukutani, au aitazame skrini kama imewekwa mbele yake.
- *Kuushika mrija.* Mkono unaoruka kuukamata unaweza kuumiza pua. Wapo wanaoona vyema kukubaliana na daktari tangu mwanzo kwamba wakiinua mkono wa kushoto asimame, na kule kujua kwamba wanaweza kumsimamisha huwatuliza hata wasihitaji kufanya hivyo.
- *Kunyamaza penye maumivu makali.* Mgandamizo ni wa kawaida, lakini maumivu ya kuchoma si ya kawaida. Ikitokea hivyo, daktari na aambiwe mara moja, atabadilisha tundu au ataongeza dawa.

Mashaka yanayoulizwa zaidi

*Mrija hautaziba pumzi?* Mrija husimama juu ya zoloto na kutazama kwa juu, wala hauijazi njia ya hewa. Mwenye pumu au mlio wa pumzi aseme mapema, kwa kuwa kwake uchunguzi hufanywa kwa tahadhari zaidi na mahali penye vifaa vya dharura.

*Chombo kilichoingia kwa mtu mwingine hakitaleta maradhi?* Swali hili ni halali na halimvunjii daktari heshima. Mrija unapaswa kuoshwa na kutiwa katika dawa kali ya kuua vimelea kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, au kuvikwa ala safi ya kutumika mara moja. Mgonjwa anaweza kuuliza kwa adabu ni lipi kati ya hayo linafanyika, na jibu linapaswa kutolewa bila kigugumizi.

*Mwanamke anayevaa nikabu afanyeje?* Uso na sehemu ya mbele ya shingo lazima vifunuliwe kwa dakika hizo chache. Anaweza kuomba daktari mwanamke kama yupo, au kuwa na muuguzi mwanamke au mtu wake wa karibu chumbani.

*Mjamzito anaweza kupimwa?* Kipimo cha kliniki hakitumii mionzi, na kinaweza kufanyika mimba ikiwa imetajwa ili dawa zichaguliwe kwa uangalifu.

*Je, damu ikitoka puani?* Matone machache hutokea mara moja moja. Mgonjwa huinamisha kichwa mbele, wala si nyuma, na kuzibana mbawa za pua kwa dakika kumi mfululizo bila kuachia.

Baada ya kipimo

Sharti la kwanza ni kutokula wala kunywa chochote mpaka ganzi iishe, jambo ambalo huchukua dakika 45 hadi saa moja. Koo lisilo na hisia halitambui chakula kinapokwenda, kwa hiyo tonge linaweza kuingia katika njia ya hewa, na chai ya moto inaweza kuunguza bila mhusika kujua. Muda huo ukipita, aanze na mafunda madogo ya maji baridi, na asipopaliwa ndipo ale. Kishawishi cha kuvuka barabara kwenda kunywa chai mara baada ya kutoka hospitali, hasa kwa aliyeamka alfajiri na kukaa foleni, kinaeleweka, lakini ni cha kukataliwa.

Aliyepimwa kwa ganzi ya puani anaweza kurudi kazini siku hiyohiyo. Aliyelazwa nusukaputi hataendesha gari wala pikipiki kwa saa 24, na anahitaji mtu wa kumsindikiza. Atarajie koo kuuma kwa siku mbili au tatu, na pengine ulimi kufa ganzi au kubadilika ladha kwa siku kadhaa kwa sababu ya kukandamizwa. Ikiwa kinyama kimekatwa kwenye nyuzi za sauti, ataagizwa kupumzisha sauti kwa siku kadhaa, na kupumzisha sauti maana yake ni kunyamaza, wala si kunong'ona, kwa kuwa kunong'ona kwa nguvu nako huzikaza nyuzi. Aandike kwenye simu au karatasi.

Arudi hospitali bila kungoja iwapo:

- anatema damu mbichi inayoendelea,
- pumzi inabana au inatoa mlio,
- ana homa pamoja na maumivu ya kifua au shingo,
- shingo inavimba au hawezi kumeza hata maji.

Kuyaelewa majibu

Alichokiona daktari anaweza kukieleza papo hapo. Vinundu vya nyuzi za sauti, ambavyo ni sugu ndogo zinazoota pande zote mbili kwa sababu ya kupaza sauti, huwapata sana walimu na waimbaji, na tiba yake ya kwanza ni mazoezi ya matumizi sahihi ya sauti pamoja na kupunguza kelele, wala si kisu. Wekundu nyuma ya zoloto unaweza kuashiria tindikali inayopanda kutoka tumboni, ingawa dalili hiyo peke yake si ushahidi kamili. Utando mweupe kwa mtu anayetumia dawa ya pumu ya kuvuta huenda ukawa fangasi, na huzuiwa kwa kusukutua maji kila baada ya kuvuta dawa. Kifua kikuu cha zoloto kinaweza kufanana mno na saratani, na ndiyo maana kinyama hupelekwa maabara kabla ya hukumu yoyote kutolewa.

Uzi mmoja ukionekana hausogei, mgonjwa asishangae akipelekwa kupigwa picha ya kifua ilhali alikuja kwa tatizo la koo. Mshipa wa fahamu wa upande wa kushoto hushuka hadi kifuani, ukazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu, kisha ukapanda tena shingoni, hivyo ugonjwa wa pafu au wa mshipa huo wa damu unaweza kuinyamazisha sauti ya mtu ambaye koo lake halina dosari.

Neno saratani likitajwa, ifahamike kwamba saratani ya zoloto iliyogunduliwa ikiwa bado kwenye nyuzi za sauti peke yake hutibika kwa mionzi au upasuaji, wengi hupona, na wengi wao hubaki na sauti. Uvimbe wa nyuzi hizo huibadilisha sauti ukiwa bado mdogo sana, na hiyo ni fursa ambayo saratani nyingi hazimpi mgonjwa, ndiyo maana kuchelewa kwa miezi kwa ajili ya dawa za kubahatisha ni hasara isiyofidika.

Kabla ya kuondoka, mgonjwa aulize na kuandika:

- Kimeonekana nini, na upande gani?
- Je, kinyama kimechukuliwa? Majibu yatatoka lini, na nani atampigia simu?
- Ni dalili gani itakayomfanya arudi kabla ya tarehe?
- Je, anaweza kupewa nakala ya picha na ripoti?

Majibu ya kinyama yasiyofuatwa ni sawa na kinyama kisichochukuliwa. Ikiwa tarehe iliyotajwa imepita bila simu, mgonjwa aende mwenyewe na namba yake ya faili, wala asidhani kwamba kimya maana yake ni uzima.

Kwa mtoto

Mtoto anaweza kupimwa kwa mrija mwembamba zaidi akiwa amepakatwa na mzazi, ambaye huishika mikono yake huku msaidizi akikituliza kichwa. Atalia, na kilio hicho humsaidia daktari kwa kuwa nyuzi hufunguka na kufunga. Mzazi asimwahidi kwamba hatahisi kitu, bali amwambie kwamba pua itatekenywa na kwamba itaisha upesi.

Mtoto ambaye sauti yake imekwaruza kwa miezi na anayetibiwa pumu bila nafuu anapaswa kutazamwa zoloto, kwa kuwa huenda ana vinyama vinavyosababishwa na virusi vya papiloma, ambavyo huota tena na tena na vinaweza kuziba njia ya hewa. Naye mtoto mwenye homa kali anayedondokwa na mate, aliyekaa akiinama mbele na kupumua kwa shida, asikandamizwe ulimi kwa kijiko nyumbani ili koo litazamwe, wala asilazwe chali, kwa sababu njia ya hewa iliyovimba inaweza kuziba papo hapo. Aachwe akae kwa namna aliyoichagua mwenyewe, mikononi mwa mzazi, wakati gari la kumpeleka hospitali linatafutwa.